Asubuhi Nilikuwa Mzima

Nimeandika haya kwa ajili ya watu ambao wakifika mbele ya daktari wanaonekana wazima. Hatuko wengi, lakini najua wapo, na najua wanavyorudi nyumbani wakiwa wameinamisha vichwa. Kila mgonjwa ana shida zake. Sisi tuna moja ya ziada: lazima kwanza tuaminiwe.

Jina langu ni Spesiosa. Kambini wananiita Mama Anitha. Nilizaliwa hapa hapa Tanzania, kambini, wazazi wangu walipokimbia Burundi mara ya kwanza, na Kiswahili nilijifunza nikiwa mtoto. Nikarudi Burundi nikiwa binti, nikaolewa, kisha tukakimbia tena, safari hii mimi, mume wangu Salvatori na binti yetu. Naeleza haya mapema ili ieleweke kwamba niliweza kuzungumza na daktari bila mkalimani. Majirani zangu wengi hawawezi.

Nilikuwa fundi cherehani. Ugonjwa ulianza kiangazi, wakati watu wanashonesha nguo za harusi. Mchana mmoja nilichukua uzi nikaona matundu mawili ya sindano. Nikafumba jicho moja, likabaki tundu moja. Nikaendelea kushona hivyo, jicho moja limefumbwa, siku kadhaa, nikidhani ni uchovu. Kisha kope la kushoto likaanza kushuka lenyewe kila ikifika mchana, kama pazia lililokatika kamba. La kulia likafuata. Jioni nilikuwa napika huku nimeinua kidevu juu ili nione chungu kwa chini ya kope.

Baada ya kope ikaja taya. Nikianza kula nilitafuna vizuri, lakini kabla sahani haijafika katikati taya lilikuwa limechoka, na nililishikilia kwa mkono nimalizie. Sauti nayo ilianza vizuri ikaishia puani. Lakini kilichovuruga nyumba yetu zaidi ya vyote ni tabasamu. Misuli ya mashavu haikupanda tena. Nilipocheka, midomo ilijivuta kama ya mtu anayenusa kitu kilichooza.

Siku moja Salvatori aliniambia, "Kama umenichoka, sema. Usininunie mbele za watu."

"Sinuni. Nacheka."

"Huko ndiko kucheka?"

Nilikwenda kwa jirani mwenye kioo, nikacheka mbele yake, nikaona alichokuwa anakiona mume wangu. Sikumlaumu tena.

Zahanati ya kambi ilinipa vidonge vya kutuliza mawazo. Mkimbizi akisema anachoka, anaambiwa ana mawazo, na ni kweli anayo, kwa hiyo ni vigumu kubisha. Vidonge vile vilinilegeza zaidi. Mvua zilipoanza nilikuwa siwezi tena kunyanyua mikono nisuke nywele za Anitha. Alianza kwenda kusukwa kwa jirani, na jirani hakuacha kuuliza mama yake ana nini.

Ndipo nikapewa rufaa ya kwenda Kigoma mjini. Katika hospitali moja pale kulikuwa na chumba ambacho watu walikiita chumba cha tivii. Ndani mlikuwa na meza, kiti, kamera, na kioo kikubwa ukutani, na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu alionekana humo akiwa kwake Dar es Salaam. Mkoa mzima haukuwa na daktari wa aina hiyo. Alikuwa anakaa kwenye kioo kile siku moja tu kila mwezi. Muuguzi aliyesimamia chumba aliitwa Sista Devota, Muha wa Simbo, mwanamke mpole lakini mwenye haraka.

Gari la kambi liliondoka alfajiri, nasi wagonjwa tulilala njia nzima, vichwa vikigongana. Tulifika kabla jua halijapanda sana. Watu wa kambi tulipewa nafasi za asubuhi, ili gari lituwahishe kurudi kabla vibali vyetu vya kutoka kambini havijaisha. Nafasi za alasiri zilikuwa za wenye bima ya afya, watu wa mjini, ambao wangeweza kutembea wakarudi kwao. Aliyepanga hivyo hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anatufikiria sisi na barabara.

Lakini mimi asubuhi nilikuwa mzima. Nilikuwa nimelala usiku, nimelala garini, kope zimepumzika. Niliketi mbele ya kioo nikiwa na macho mawili makubwa na sauti safi.

"Fumba macho. Fumbua. Niambie tatizo, mama."

Nikamweleza kuhusu sindano, taya, kope. Alinitazama kwa makini, hilo nalikiri. Akamwambia Sista Devota anigonge magoti kwa kinyundo.

"Sasa hivi sioni upungufu," alisema. "Ulipitia mambo magumu huko mlikotoka?"

"Wote tumepitia, daktari. Lakini kope zinaanguka mchana."

Picha ikaganda, mdomo wake ukiwa wazi. Iliporudi alikuwa ameshamaliza kusema alichokuwa anasema, na mgonjwa mwingine alikuwa mlangoni. Nilirudi na vidonge vya mawazo vya aina nyingine.

Mwezi uliofuata yakawa yale yale. Niliomba nisubiri hadi mchana, dereva akasema hawezi kuacha mgonjwa mmoja mjini na kuwachelewesha kumi. Alikuwa sahihi. Tulipofika njia panda ya kutoka mjini kope zilikuwa zimeshashuka, na nilimwona dereva akinitazama kwenye kioo chake cha juu, kisha akageuza macho barabarani.

Siku hizo mbili, katika mabenchi ya kusubiri, nilikaa na mama mmoja wa Rusimbi, hapo hapo mjini, aliyeitwa Mama Shabani. Alikuwa mtu mzima kunizidi, Mwislamu, mfanyabiashara wa dagaa, na mkono wake wa kulia ulitetemeka bila kusimama. Aliukalia ili utulie. Alipenda kuja mapema ingawa nafasi yake ilikuwa ya alasiri, kwa sababu nyumbani, alisema, wanawe hawamwachi apumue. Nilimwamkia shikamoo, akanipa nusu ya andazi, tukawa marafiki kwa jinsi watu wanavyokuwa marafiki hospitalini, bila kuulizana mengi.

Yeye ndiye aliyenieleza jambo ambalo sikulijua. Mtu wa mjini akishaonwa mara moja kwenye chumba kile, mara nyingine daktari anampigia kwa simu ya video akiwa kwake.

"Shabani ananishikia simu, mie nimekaa mkekani," alisema. "Daktari ananiona navyotembea uani. Nyie hawawapigii?"

"Sina simu ya kioo, Mama. Hata laini yangu haikusajiliwa, ilifungwa."

Kusajili laini kulihitaji kitambulisho ambacho mimi sikuwa nacho. Laini ya Salvatori ilikuwa kwa jina la mtu mwingine, na mtandao kambini ulipatikana kilimani tu.

Mara ya tatu nilikwenda mahindi yakiwa yanachanua. Nilikuwa nimekonda, na maji yalianza kunirudi puani nikinywa. Niliamua nisilale garini. Njia nzima nilitazama juu, kwenye paa la gari, ili kope zichoke. Zilichoka kidogo, lakini kwenye benchi, kwa kusubiri, zikapumzika zenyewe. Nilianza kulia, na nadhani ndiyo mara pekee niliyolia hadharani katika ugonjwa ule. Hata kulia uso wangu haukujua. Machozi yalitoka bila sura ya kilio.

"We mtoto," Mama Shabani alisema, "ngoja. Chukua nafasi yangu ya saa tisa."

"Na wewe?"

"Mimi mkono unatetemeka asubuhi, mchana, jioni. Hata akiniona mwezi ujao ataukuta unatetemeka tu."

"Gari litaniacha."

"Likuache. Kwangu kuna mkeka."

Sista Devota alikataa mwanzoni. Alisema nafasi za alasiri ni za wenye bima, na kibali changu kinaisha jioni ile. Nikikamatwa mjini, yeye ataulizwa. Mama Shabani hakupandisha sauti. Alisema nafasi ni yake, ataingia yeye, na ameamua kuingia na mgeni. Sista Devota akanitazama, akatazama saa ya ukutani, akaenda kumwita mgonjwa aliyefuata. Dereva naye alisubiri kadiri alivyoweza. Alikuja mara mbili kuniita. Mara ya tatu nilisikia tu mlio wa gari likitoka getini. Mtu wa kambi aliyebaki nje bila kibali hana maelezo ambayo askari atayasikiliza kwa utulivu.

Ilipofika saa tisa nilikuwa nimeshikwa mkono kuingizwa chumbani, kwa sababu kope zilikuwa zimeshuka tena na sikuona njia. Mama Shabani alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, mimi pembeni yake.

"Mama Shabani, habari za mkono?" daktari aliuliza.

"Mkono uko hapa hapa, mwanangu. Leo mtazame huyu."

Daktari akasogea karibu na kamera yake. Sikumwona vizuri, nilimwona mara mbili, mmoja juu ya mwingine. Alinitaka nitazame juu bila kupepesa. Kope zikaanguka zote. Alinitaka nieleze upya shida yangu, nikaanza, na kabla sijafika kwenye taya sauti ilikuwa imeingia puani na maneno hayaeleweki.

"Mna barafu?" aliuliza.

Jokofu la pale lilikuwa la chanjo, limefungwa, na mwenye ufunguo hayupo. Sista Devota alitoka mbio. Alirudi na kipande cha barafu ya ubuyu, ile inayouzwa getini kwenye vifuko vya nailoni, nyekundu kama damu. Akaniwekea juu ya jicho la kushoto. Baridi ilinichoma. Kifuko kilikuwa kimetoboka, maji yakanitiririka shavuni hadi kifuani.

"Ni nini hicho? Anatoka damu?" daktari alishtuka.

"Ubuyu, daktari."

Alipoambiwa aiondoe, Sista Devota akaiondoa, na jicho langu la kushoto likafunguka. La kulia lilibaki limefumba. Mama Shabani alisema, "Subhanallah." Nilimwona daktari akiwa mmoja tu, kijana kuliko nilivyomkumbuka, ana miwani.

"Mara zile mbili nilikuona saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nne asubuhi."

Nilidhani picha imeganda tena. Kisha akaanza kumtajia Sista Devota majina ya dawa, herufi kwa herufi, na kueleza kwamba misuli yangu haipokei vizuri amri kutoka kwenye mishipa, kwamba kila ikitumika inachoka upesi kuliko ya watu wengine, na kwamba ugonjwa huu una jina na una dawa. Nilishika neno moja tu, kwamba una jina.

Usiku huo nililala Rusimbi. Mama Shabani alinipikia uji mwepesi akanilisha kwa kijiko, mkono wake ukitetemeka, mimi taya likining'inia, na nusu ya uji ikaishia kwenye kanga. Wanawe walitucheka, tukacheka nao. Kesho yake alinipeleka pwani ya Ujiji alikoanika dagaa, nikae kivulini wakati Sista Devota anatafuta namna ya kunirudisha. Niliona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa ikiwa safu mbili.

Kambini mambo yalikuwa mabaya. Salvatori alikuwa ameitwa na walinzi akaulizwa mkewe ametorokea wapi. Majirani walikuwa wameshajibu kwa niaba yake: ameolewa mjini. Sista Devota alipiga simu zahanati ya kambi akajieleza, lakini habari za kutoroka zilikuwa zimetembea haraka kuliko simu yake. Niliporudishwa nilipewa onyo, na nikaambiwa nisitarajie kibali kingine hadi msimu ubadilike.

Salvatori hakunikaripia. Alikaa upande wa pili wa chumba akaniuliza, "Umelala wapi?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi sauti yangu ilipokatika. Nikatoa kidonge cha kwanza kati ya vile nilivyopewa hospitali, nikakimeza na maji. Haikuchukua hata muda wa kupika ugali. Kope zilipanda. Nikamtazama kwa macho yote mawili, na bila kukusudia nikatabasamu. Halikuwa tabasamu kamili, lakini lilipanda.

Alifunika uso kwa mikono. "Yoo," alisema kwa Kirundi, "ni wewe."

Sitaki mtu adhani hapo ndipo ulipoisha. Vidonge vilinipa nguvu kwa saa chache tu, kisha vikaniacha, na vilinisokota tumbo. Vile vya aina ya pili vilinivimbisha uso hadi watu wakasema nakula mgao wa wenzangu. Na zilipoisha dawa, sikuwa na ruhusa ya kwenda kuzifuata. Daktari alikuwa ameagiza nifuatiliwe kwa simu kila baada ya muda mfupi, kama wagonjwa wake wengine. Namba iliyoandikwa ilikuwa ya Mama Shabani. Alipigiwa, akasema huyu mgonjwa hayupo, yuko kambini, akaahidi kunitafuta. Alinitumia salamu na dawa kwa gari la kambi. Mara ya kwanza zilifika. Mara ya pili mvua ziliharibu barabara, gari halikutembea.

Wiki hiyo nilishindwa kumeza. Kisha nikashindwa kulala chali, kwa sababu kifua hakikunyanyuka. Nilikaa nimeegemea ukuta, Anitha akinishika kichwa kisianguke mbele. Salvatori aliazima simu akapanda kilimani kwenye mtandao, akampigia Mama Shabani, Mama Shabani akamwamrisha Shabani ampigie daktari kwa simu nyingine, na simu hizo mbili zikawekwa mezani Rusimbi, mdomo kwa sikio. Hivyo ndivyo daktari bingwa alivyozungumza na mume wangu.

"Anaweza kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi?"

"Hawezi hata neno."

"Basi asingoje asubuhi. Mwambie mganga wa zamu nasema mimi, apewe oksijeni, atolewe sasa hivi."

Nilipelekwa Kigoma na gari la wagonjwa lililopita njia ya mzunguko. Nililazwa hadi mvua zilipopungua. Siku nyingi za mwanzo sizikumbuki, na ninazozikumbuka ni dari, mashine, na mkono unaotetemeka uliokuwa ukinipangusa midomo. Mama Shabani alikuwa amepoteza nafasi yake nyingine ya mwezi ili akae nami. Nilipopata sauti nilimwambia hivyo. Akasema nifunge mdomo, nimetoka kuupata juzi.

Baada ya hapo zahanati ya kambi ilipata kishikwambi kimoja cha kuwasiliana na daktari. Ni kimoja kwa watu wote, na mtandao ukikataa tunarudi nyumbani. Wagonjwa wa Ilagala na vijiji vya ziwani, nasikia, hawana hata hicho. Mjini bado watu wanapigiwa wakiwa mikekani. Lakini Sista Devota aliomba kwamba wagonjwa wa kambi wenye kuchoka waonwe alasiri, na alikubaliwa. Sasa nashona tena, kwa vipindi, nikipumzika. Nikiitwa zahanati, naenda kutafsiri.

Juzi niliitwa kwa ajili ya mzee mmoja aliyekuja kambini karibuni. Hajui Kiswahili kabisa. Alikuwa ameambiwa ana mawazo. Alikaa mbele ya kishikwambi ameshika kofia magotini, macho wazi, amenyooka kama askari, kwa sababu aliona ni adabu kukaa hivyo mbele ya daktari. Nilieleza shida zake kwa Kiswahili. Daktari akasema, "Mwambie ahesabu kwa sauti, polepole, asikome."

Nikamwambia kwa Kirundi. Mzee akashangaa, lakini akatii. Rimwe. Kabiri. Gatatu. Alianza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. Alipita kumi, akaendelea. Alipokaribia ishirini kope lilianza kushuka. Akaongeza bidii, akahesabu kwa nguvu zaidi, na namba zikaanza kupitia puani, zikalegea, zikawa pumzi tu. Nilifungua mdomo nimtafsirie daktari amefika ngapi.

"Acha," daktari alisema. "Nimesikia."